Bustani za mvua kando ya mtaa wenye mteremko: naomba mnikosoe mchoro kabla haujafika kwa fundi

Ramani_na_Rula

Wakuu, habari za wakati huu. Nina mchoro wa mtaa unaotakiwa kumeza sehemu kubwa ya maji yake wenyewe, badala ya kuyasukumia yote kwenye mtaro mkubwa. Nauweka hapa kwa maneno. Mnikosoe bila huruma.

Kipande kina urefu wa mita 60 na mteremko wa asilimia 2. Upande mmoja una mita 5 za lami na mita 2 za njia ya waenda kwa miguu, na vyote viwili vinamwaga kwenye ukanda mmoja wa upana wa mita 1.5 ulio kati ya ukingo wa zege na njia. Nimechora bustani moja ya mvua, yaani shimo lililopandwa mimea linalokusanya maji ya barabara na kuyapenyeza ardhini, ya urefu wa mita 16 katikati ya kipande. Ukingo una mdomo mmoja wa kuingizia maji, upana milimita 300. Udongo una kina cha milimita 600 na uso wake uko sawa na mgongo wa ukingo. Chini yake kuna kitambaa cha jiotekstaili (kitambaa cha kuchujia udongo), kisha kokoto milimita 300. Chemba ya kufurikia, yaani ya kutolea maji yaliyozidi, ina wavu uliolala juu ya udongo. Mimea ni mafunjo, kwa kuwa yanapenda maji.

Nilichimba shimo la milimita 300 kupima upenyaji, maji yakashuka milimita 12 kwa saa.

Maswali: Je, ukubwa unatosha kwa mvua ya milimita 25? Mbu je? Na chini ya mtaa kuna bustani ya umma ya mita za mraba 4,000 ambayo kila mvua kubwa inageuka tope. Naweza kuitumia vipi bila kuiharibu?

---

Levo_Kwanza

Mkuu, ukubwa umeupatia. Levo (vimo vya kila sehemu) ndizo zitakazokuangusha. Kama ulivyochora, bustani hii haitapata maji kabisa: uso wa udongo uko juu ya mkondo wa barabara (pale maji yanapotiririka chini ya ukingo), na maji hayapandi.

Tuanze na hesabu tuimalize. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Eneo lako ni 60 × 7 = mita za mraba 420. Lami na zege hazitoi maji yote, chukua 0.9. Kwa mvua ya milimita 25 unapata mita za ujazo 9.45. Bustani yako ni 16 × 1.5 = mita za mraba 24, karibu asilimia 6 ya eneo linaloiletea maji, na kwa kawaida watu huanzia kati ya asilimia 5 na 10. Maji ya kutuama juu, kina cha milimita 200, ni mita za ujazo 4.8. Ndani ya udongo hesabu nafasi ya asilimia 20: 2.88. Ndani ya kokoto asilimia 40: 2.88 tena. Jumla 10.56. Inatosha, na kidogo kinabaki.

Sasa mteremko. Asilimia 2 kwenye mita 16 ni tofauti ya milimita 320 kati ya kichwa na mkia wa bustani. Wewe unataka kutuamisha milimita 200 tu. Maana yake mkia utafurika huku kichwa kikavu, na ile 4.8 niliyoihesabu haipo. Ikate iwe mabeseni manne ya mita 4, uyatawanye kila baada ya mita 15. Kila beseni lihudumie mita za mraba 105, sakafu yake iwe bapa kabisa, ipimwe kwa pima maji na siyo kwa jicho. Tofauti kwenye mita 4 ni milimita 80 tu, hiyo unaimudu. Na katikati ya mabeseni watu wanapata pa kuvukia, la sivyo watakatiza juu ya mimea yako na ndani ya wiki chache utakuwa na kichochoro kigumu kama saruji.

Levo za kila beseni kwa milimita, ukichukua mkondo wa barabara kwenye mdomo kama sifuri:

Kizingiti cha mdomo kiwe −50, ili takataka na mchanga vidondoke ndani badala ya kujikusanya pale pale na kufanya tuta. Uso wa matandazo −200. Uso wa udongo −250. Udongo 600, tabaka la kati 100, kokoto 300, kwa hiyo chini ya shimo ni −1250. Mdomo ukae upande wa juu wa beseni. Beseni likijaa hadi sifuri, maji yanayofuata yanapita mdomo yenyewe na kwenda beseni la pili kwa kutumia mkondo. Huhitaji chemba kwenye matatu ya kwanza. Beseni la mwisho ndilo liwe na chemba, na wavu wake uwe −20. Wavu uliolala juu ya udongo, kama ulivyochora, ni sawa na kutoboa ndoo chini halafu ukashangaa haijai. Kosa hili linaonekana mara nyingi mno, kwa sababu fundi huona wavu ulionyanyuka akadhani umesahauliwa kushushwa. Andika kimo chake kwenye mchoro kwa herufi kubwa.

Hakiki upande wa njia pia. Kama njia iko milimita 150 juu ya mkondo, basi kwenye mkia wa beseni iko 150 − 80 = 70 juu ya maji yakiwa yamejaa. Inatosha. Mteremko ukiwa asilimia 4, kwa beseni hilohilo la mita 4, njia ingekuwa chini ya maji kwa milimita 10. Hapo ungefupisha beseni au ungepunguza kina cha kutuama.

Mdomo wa milimita 300 ni mdogo. Kwa mvua ya milimita 100 kwa saa, mita zako 105 zinaleta kama lita 2.6 kila sekunde, na zinakuja kwa kasi zikiwa zimelalia ukingo. Zinapita mdomo kama daladala isiyo na wa kushuka. Fanya upana uwe 600, ushushe mkondo kwa milimita 50 mbele ya mdomo, na upande wa chini wa mdomo ukatwe mshazari wa nyuzi 45 ili ukamate maji. Ndani weka kisahani cha zege chenye mawe yaliyosimikwa, kama nusu mita kwa nusu mita. Mchanga utatua pale na mtu ataukomba kwa chepe.

Kuhusu kipimo chako: ulipima kwenye milimita 300, lakini maji yatapenyea kwenye −1250. Huko udongo unaweza kuwa mwingine kabisa. Chimba hadi kina hicho, kisha toboa kishimo cha 300 × 300 × 300, ukijaze maji, kiache kikauke, jaza tena, na mara ya tatu ndiyo uanze kusoma kila nusu saa. Mara ya kwanza udongo mkavu hunywa kwa pupa na kukudanganya. Fanya angalau mashimo mawili kwenye kipande hiki.

Tuseme bado ni 12. Gawa kwa 2, maana kila bustani huziba kidogo kadiri miaka inavyokwenda: 6 kwa saa. Maji ya juu, milimita 200, yanaondoka kwa saa 33. Yote, pamoja na yaliyo kwenye udongo na kokoto (10.56 ÷ 24 = milimita 440), yanachukua saa 73. Hiyo ni ndefu iwapo mvua zinafuatana. Kwa hiyo laza bomba la matundu la milimita 100 ndani ya kokoto, lipelekee chemba, na mwisho wake uweke kiwiko kinachotazama juu hadi usawa wa juu wa kokoto. Maji yaliyo chini ya kiwiko yanabaki kupenya taratibu na mizizi inayafaidi, yaliyozidi yanatoka. Upande wa pili wa bomba upandishe wima hadi juu ya matandazo, ufunge kizibo, hapo ndipo pa kuzibulia.

Kitambaa kati ya udongo na kokoto kitoe. Chembe laini hukusanyika juu yake na kufanya ngozi isiyopitisha maji, na ngozi hiyo huwezi kuifikia bila kufukua kila kitu. Badala yake weka lile tabaka la milimita 100: nusu mchanga mnene, nusu changarawe za milimita 2 hadi 7. Kwenye ukuta wa upande wa barabara, hapo sasa weka plastiki nzito isiyopitisha maji, wima, ili kifusi cha barabara kisilowe na lami ikaanza kutitia. Na shimo la mita 1.25 kando ya magari lisiachwe wazi bila mbao za kuzuia kuta.

---

Mizizi_Mirefu

Nakubaliana na hapo juu. Mimi niguse udongo na mimea.

Mafunjo yaache. Watu husikia neno "mvua" wakakimbilia mimea ya kinamasi. Bustani ya mvua ni jangwa lenye mafuriko ya mara chache: udongo ni wa kichanga, maji yanakaa siku moja au mbili, halafu wiki nzima ni ukame. Mafunjo yanataka miguu ndani ya maji muda wote, yatakauka. Tafuta mimea ya asili ya eneo husika inayoota kwenye kingo za vijito vya msimu, ile inayozamishwa na mafuriko na kisha kubaki juani: nyasi za mashungi, jamii za ndago zisizotambaa ovyo, na maua yenye mizizi ya kina. Nyasi za vetiva zinafaa kwa kushika udongo, mizizi yake huweza kufika mita 3 na zaidi, lakini ukizipanda peke yake beseni zima umejenga ua, wadudu hawapati kitu. Mstari mmoja mbele ya kisahani cha mdomo unatosha kupunguza kasi ya maji.

Panda miche 6 hadi 8 kwa kila mita ya mraba, yaani kama 40 kwa beseni. Ukipanda kwa nafasi ili kuokoa hela, magugu yatakujazia hiyo nafasi bure. Changanya aina tano au sita zinazochanua kwa miezi tofauti, ili nyuki na vipepeo wasikute duka limefungwa. Mabua makavu usiyafyeke yote kwa pamoja: nyuki wapweke hutaga ndani yake. Fyeka nusu, nusu iache hadi msimu mwingine. Karibu na makutano ya barabara, mimea isizidi milimita 600, dereva aone mtoto anayevuka.

Mchanganyiko wa udongo: mchanga wa mto uliooshwa sehemu 8, udongo tifutifu 1, mboji iliyoiva 1. Mfinyanzi na vumbi laini visizidi asilimia 5 ya mchanganyiko wote. Jaribu kwa chupa: jaza theluthi ya chupa kwa udongo, ongeza maji, tikisa, iache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja. Kinachobaki kikielea kesho yake ndicho adui. Ukichanganya vizuri unapata upenyaji wa milimita 100 hadi 300 kwa saa, na bado utakuwa salama hata ukipungua nusu. Mboji usiizidishe kwa kudhani unaipendelea mimea. Inatoa fosforasi, inateremka na maji, unaishia kurutubisha mwani kwenye mto ulioko chini. Kwa sababu hiyohiyo, mbolea ya dukani isiingie humu hata kijiko.

Jaza kwa matabaka ya milimita 200, kila tabaka limwagilie maji lijitulize. Hakuna kushindilia, hakuna toroli kupita juu. Weka kama milimita 50 za ziada, zitazama zenyewe. Matandazo yawe ya mbao iliyochanwachanwa, nyuzi zake hushikana. Vipande vya magome vinaelea vyote na kwenda kuziba wavu mvua ya kwanza. Changarawe nayo ni sawa, ila kukomba tope juu yake ni kazi ya kutoa jasho.

Kama unataka mti, usiuweke ndani ya beseni la mita 4 ukategemea miujiza. Jijini Stockholm, Sweden, wanahesabu mita za ujazo 15 za nafasi ya mizizi kwa mti mmoja, na wanaipata chini ya njia ya miguu kwa kujaza mawe makubwa ya milimita 100 hadi 150, kisha udongo unaoshwa kwa maji hadi uingie katikati ya mawe. Mawe yanabeba uzito wa njia, mizizi inapita kwenye nafasi. Maji ya mvua yanaelekezwa humo, na mti hauinui zege kutafuta hewa.

---

Ramani_na_Rula

Nimenyooka wakuu, nafuta nusu ya mchoro. Mawili yamebaki: mbu hamjagusa vizuri, na kuna anayeniuliza kwa nini tusiweke tu pevingi (matofali ya sakafu) za kupenyeza maji kila mahali tuachane na bustani.

---

Mtaro_Wazi

Mbu kwanza. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, kwenye joto, ni kama wiki moja. Beseni linalokauka ndani ya saa 48 halimlei. Mbu wa bustani za mvua mara nyingi wanatoka sehemu mbili ambazo watu hawaziangalii: kisahani cha zege cha mdomo kilichojengwa kama bakuli, na chini ya chemba, pale ambapo bomba la kutoka limewekwa juu kuliko sakafu. Toboa kisahani matundu matatu au manne ya milimita 25 yaliyokalia kokoto. Sakafu ya chemba ijazwe zege ya mteremko hadi usawa wa tundu la bomba. Wewe hesabu ni saa 33, uko salama. Ukiona maji juu siku ya tatu, hilo ni tatizo la upenyaji, kunyunyizia dawa hakutalimaliza.

Pevingi: ni nzuri kwenye maegesho na njia, lakini ni kifaa kingine. Mianya yake hujazwa changarawe za milimita 2 hadi 5, kamwe siyo mchanga, na fundi asiyeelewa atamwaga mchanga kwa mazoea yake, hapo umenunua sakafu ya kawaida kwa bei kubwa. Chini yake panataka kokoto safi zisizo na vumbi, na eneo linaloimwagia maji lisizidi mara mbili ya eneo lake. Usiielekezee maji yanayotoka kwenye udongo ulio wazi, itaziba. Inataka kufyonzwa vumbi kwa mashine mara moja au mbili kwa mwaka. Pasipo mashine hiyo, usiijenge kwenye mtaa wa vumbi. Na nyuki hafuati pevingi.

Jambo ambalo halijasemwa ni mpangilio wa kazi. Bustani ijengwe mwisho. Ikichimbwa mapema, tope la ujenzi la mvua moja linafunga sakafu ya shimo kuliko uchafu wa miaka kumi ya mtaa uliokamilika. Kijiko (mashine ya kuchimbia) kisimame nje ya shimo, kisikanyage ndani. Kabla ya kumwaga kokoto, kwangua sakafu kwa reki ya chuma au meno ya kijiko, kina cha milimita 150, maana ndoo ya mashine huilainisha ikang'aa kama sahani. Midomo ibaki imezibwa kwa viroba vya mchanga mpaka barabara ifagiwe na mimea ishike.

Na kama kuna nyumba inayomwaga maji ya sabuni au ya choo kwenye mkondo wa barabara, hilo limalizwe kabla. Bustani ya mvua ikipokea maji machafu kila siku haikauki kamwe, inanuka, na lawama zote itabeba mchoraji.

---

Bonde_la_Nyasi

Kwenye bustani ya umma, tope linatokea kwa sababu maji yanasambaa kila mahali kwa kina kidogo. Yapatie mahali pamoja. Chora bonde la mita 20 kwa 30, kina milimita 400, kuta zilale 1 kwa 5 ili mashine ya nyasi ipite na mtoto aliyeanguka atoke mwenyewe. Ukijaza hadi milimita 300 na kuacha 100 kama akiba, linabeba kama mita za ujazo 145. Siku nyingine zote ni uwanja wa kuchezea.

Sakafu isiwe bapa kama ya mabeseni ya mtaani. Hapa ipe mteremko wa asilimia 1 kuelekea kwenye tundu la kutokea, na kina hicho kipime kutoka wastani wa sakafu. Bapa kwenye nyasi hugeuka madimbwi kila mtu anapokanyaga. Tundu la milimita 75 lenye kichujio cha nondo mbele yake hutoa kama lita 6 kwa sekunde bonde likiwa limejaa, hivyo linakauka kwa nusu siku hivi. Kichujio kiwe kikubwa kuliko tundu mara nyingi, na kilale mshazari, ili majani yapande juu yake badala ya kukifunika chote.

Halafu uliza: mvua ikizidi vyote hivi, maji yatapita wapi? Yachoree njia. Sehemu moja ya ukingo wa bonde ishushwe milimita 100, upana mita 3, itandikwe mawe, ielekee mtaroni. Usipochagua wewe, maji yatachagua, na kwa kawaida huchagua mlango wa mtu. Benthemplein kule Rotterdam, Uholanzi, uliofunguliwa 2013, ni uwanja wa michezo wenye mabeseni yanayoshika jumla ya kama mita za ujazo 1,700. Na Bishan-Ang Mo Kio, Singapore, mfereji wa zege wa kilomita 2.7 ulivunjwa ukawa mto unaopinda wa kilomita 3.2 ndani ya bustani, ukafunguliwa 2012. Mto ukijaa unaruhusiwa kutanuka juu ya nyasi, na watu huonywa watoke.

Miti iliyopo iheshimu. Usichimbe chini ya kivuli cha matawi, na udongo uliochimbua usiurundike juu ya mizizi. Hata milimita 100 za udongo mpya huweza kuikosesha hewa, na mti utakufa polepole wakati mkandarasi keshaondoka. Fanya nao vilima vidogo mbali na miti, uvipande vichaka. Pembe moja ya bonde iache bila kufyekwa, nyasi ndefu na gogo moja lililooza. Vyura na kerengende watahamia wenyewe.

---

Ramani_na_Rula

Nimerekebisha: mabeseni manne ya 4 × 1.5, mdomo 600 wenye kizingiti −50, matandazo −200, wavu wa mwisho −20, hakuna kitambaa, kisahani kina matundu, bonde la 20 × 30 na njia ya mafuriko ya mita 3. Kesho tunachimba mashimo mawili ya kupimia hadi −1250. Matengenezo niandike nini?

---

Levo_Kwanza

Andika mambo ambayo mtu wa zamu anaweza kuyafanya akiwa na chepe na reki. Baada ya kila mvua kubwa: komba kisahani, toa plastiki mdomoni. Chomeka fimbo iliyopakwa rangi kwenye kila beseni, alama moja kwenye kina cha 200, asome kesho yake na keshokutwa. Maji yakivuka saa 48, kwangua milimita 30 hadi 50 za juu, ndizo huziba kwanza, rudisha mchanganyiko uleule na matandazo. Ikishindikana, fungua bomba la wima usukume maji kwa mpira. Tope lililokombwa lina mafuta na metali za magari, lisiende kwenye mboga.

Msimu wa kwanza miche inataka kumwagiliwa wakati wa ukame, weka mstari wake kwenye bajeti sasa, baadaye hautapatikana.

Na kizibo cha bomba la wima kiwe cha kuzungusha. Mafundi hupenda kukibandika kwa gundi.